Aluminiamu si moja: skrepa ipangwe kabla ya kuingia tanuruni

Kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, awe Mkolani au kwingineko jijini Mwanza, kipimo cha kwanza ni sumaku. Kinachonaswa ni chuma. Kisichonaswa, kikiwa cheupe na chepesi, ni aluminiamu. Kiroba kinatundikwa kwenye mizani na bei inatajwa kwa kilo. Ndani yake mna vipande vya fremu za madirisha, makopo ya soda, pistoni za bodaboda, waya za umeme zilizochakaa na sufuria iliyotoboka kitako. Wapo wanunuzi wanaotenganisha laini na ngumu, lakini upangaji mara nyingi huishia hapo, na mzigo ukifika kwa fundi wa kusubu sufuria huyeyushwa wote kwa pamoja. Hoja ya makala haya ni kwamba vitu hivyo havikuwa metali moja tangu vilipotengenezwa, na kuvichanganya ni kutupa thamani ambayo tayari imeshalipiwa. Tofauti yake haionekani kwa macho wala haipimwi na mizani, kwa sababu inatokana na vitu vilivyotiwa kwa asilimia moja, nne au saba. Hata hivyo, vitu hivyo ndivyo vinavyoamua iwapo chombo kitapinda, kitapasuka au kitadumu.

Mkolani ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili. Kata hii ya Wilaya ya Nyamagana iko upande wa kusini wa jiji, kandokando ya barabara kuu iendayo Shinyanga, jirani na Nyegezi na Buhongwa, na nyumba mpya zinazidi kupanda vilimani katikati ya mawe. Nyumba hizo zinataka madirisha ya aluminiamu. Barabara imejaa pikipiki, ambazo injini zake zimesubiwa kwa aluminiamu, na ziwa haliko mbali, lenye mitumbwi inayosukumwa na mashine za kufungwa nyuma zenye maboksi na propela za aluminiamu. Hata juu ya mapaa imo: bati la aluzinki ni chuma kilichopakwa mchanganyiko wenye takriban asilimia 55 za aluminiamu, asilimia 43.4 za zinki na asilimia 1.6 za silikoni. Hiyo asilimia moja na nusu ya silikoni inaweza kuonekana kama nyongeza isiyo na kazi. Kumbe bila hiyo aluminiamu ya moto ingeshambulia chuma kwa kasi na kufanya tabaka nene linalovunjika, na bati lingechubuka mara tu linapokunjwa.

Aluminiamu safi, kwa upande wake, ni dhaifu. Mwaka 1886 Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja kivyake, waligundua namna ya kuitoa kwa umeme, na metali iliyokuwa ya anasa ikawa ya biashara. Ila iliyotoka ilikuwa laini mno. Ikiwa haijatiwa kitu wala kufuliwa, hukatika ikivutwa kwa nguvu ya megapaskali 90 hivi, ilhali chuma cha kawaida cha ujenzi huvumilia takriban 400. Usafi huo unafaa kwenye nyaya za umeme, kwa kuwa kila kitu kigeni kinachoingia ndani ya aluminiamu huuzuia umeme kupita vizuri. Ndiyo maana nyaya nyingi za njia kuu huwa na uzi wa chuma katikati: aluminiamu hupitisha umeme, chuma hubeba uzito. Watu wa Mwanza, jiji lililofungua kiwanda cha kusafisha dhahabu Juni 2021, wanajua kanuni hii kwa njia nyingine: sonara hapendi kutengeneza pete ya kuvaliwa kila siku kwa dhahabu ya karati 24. Anachukua ya karati 18, yaani robo tatu dhahabu na robo iliyobaki fedha na shaba, kwa sababu dhahabu safi hupinda upesi.

Kwa nini kitu kidogo kiongeze nguvu kiasi hicho? Metali ikiganda, atomi zake hujipanga safu kwa safu na kufanya fuwele. Mpangilio huo haukamiliki. Hapa na pale upo mstari ambapo safu imekosewa. Sufuria inapobonyea, safu nzima hazitelezi kwa mkupuo mmoja, bali ile mistari ya kasoro ndiyo inayotembea hatua kwa hatua. Ikipita bila kizuizi, metali ni laini. Ikizuiwa, metali ni ngumu. Aliyewahi kuona kokoro likivutwa ziwani atalielewa hili upesi. Penye mchanga mtupu wavu unakuja bila taabu. Penye mawe makubwa machache yaliyoachana, unajipinda na kupenya katikati yake. Penye vijiwe vingi vilivyokaribiana, unanasa kila hatua. Kazi ya vitu vinavyotiwa katika aluminiamu ni kuitapakaza njia ya mistari hiyo kwa vizuizi, na ustadi wote uko katika ukubwa wa vizuizi hivyo, wingi wake na umbali kati ya kimoja na kingine. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kuna shaba kiasi gani katika aloi, yaani metali iliyotiwa vitu vingine. Lazima pia kuuliza shaba hiyo imekaa vipi.

Jambo hilo lilijulikana kwa bahati. Mwaka 1906, mtaalamu wa Ujerumani Alfred Wilm alikuwa akijaribu aloi ya aluminiamu yenye shaba ya asilimia nne hivi na magnesiamu kidogo. Aliipasha moto sana, akaipooza ghafla, akaipima, wala haikumvutia. Ilipopimwa tena baada ya siku kadhaa za kukaa tu, ilikuwa imeongezeka ugumu. Aloi hiyo ikaingia sokoni kwa jina la Duralumin, ingawa sababu ya ugumu wake haikujulikana hadi mwaka 1919, Paul Merica na wenzake walipoieleza nchini Marekani. Katika nyuzi 548 za sentigredi, aluminiamu iliyoganda inaweza kumeza shaba hadi asilimia 5.65, lakini ikipoa kabisa haiwezi kubeba hata asilimia 0.2. Ikipoozwa taratibu, shaba hujitenga na kufanya mabonge makubwa. Ikizamishwa majini ghafla, shaba hunaswa ndani pasipo nafasi yake, kisha polepole hukusanyika katika vipande vyembamba vyenye unene wa atomi chache. Mwaka 1938 André Guinier wa Ufaransa na George Preston wa Uingereza, bila kushirikiana, walivitambua vipande hivyo kwa miale ya eksirei. Shaba ni ileile na kiasi ni kilekile. Kilichobadilika ni muundo wa ndani tu, na nguvu ikapanda mara kadhaa.

Kutokana na msingi huo zikazaliwa koo nyingi za aloi, kila ukoo na kazi yake. Fremu ya dirisha la Mkolani ina magnesiamu na silikoni, kila moja chini ya asilimia moja. Ikiwa ya moto ni laini vya kutosha kusukumwa kwenye tundu lenye umbo la fremu. Ikishapoa huwekwa kwenye oveni kwa saa kadhaa ili punje ndogondogo za magnesiamu na silikoni zichipuke ndani yake, na nguvu yake huvuka megapaskali 180. Hapo ndipo penye sababu ya mafundi wa madirisha kuunga fremu kwa skrubu na vipande vya kona badala ya kuzichomelea. Moto wa kuchomelea huzikuza punje hizo au kuziyeyusha tena, na sehemu iliyo kando ya kiungo inaweza kupoteza karibu nusu ya nguvu zake. Magnesiamu peke yake, kwa asilimia nne au tano, hufanya kazi kwa njia tofauti: hubaki imeyeyuka katikati ya atomi za aluminiamu, haihitaji kupikwa, inavumilia chumvi na inachomeleka vizuri. Ndiyo inayotumika sana kuundia vyombo vya majini, na boti za kasi za Kilimanjaro zinazovuka kati ya Dar es Salaam na Zanzibar, zilizoundwa Hobart, Australia, zina miili ya aluminiamu. Kweli, vyaelea vimeundwa, na vimeundwa kuanzia kwenye atomi.

Kwa upande wa ndege, zinki zaidi ya asilimia tano pamoja na magnesiamu na shaba huifikisha aluminiamu kwenye megapaskali 570, juu ya chuma cha kawaida cha ujenzi. Ndege za Airbus A220 za Air Tanzania, ambazo ya kwanza ilipokewa nchini Desemba 2018, zina mwili wa aluminiamu yenye lithiamu. Kila asilimia moja ya lithiamu hupunguza uzito kwa takriban asilimia tatu na wakati huohuo huongeza ukakamavu. Sufuria ya kiwandani, ile nyembamba iliyokandamizwa kutoka kwenye bamba, mara nyingi ina manganisi kama asilimia moja, kiasi cha kuifanya isibonyee ovyo bila kupoteza ulaini unaohitajika kuikunja. Hizi zote kwenye mizani ya skrepa ni kitu kimoja. Kwa mhandisi hazina undugu zaidi ya ule wa jina.

Silikoni inastahili kuzungumziwa peke yake, kwani ndiyo roho ya kazi ya kusubu. Aluminiamu safi huyeyuka katika nyuzi 660. Ikitiwa silikoni ya asilimia 12 hivi huyeyuka katika nyuzi 577, hutiririka hadi kwenye pembe nyembamba za kalibu na haisinyai sana inapoganda. Pistoni zimetengenezwa kwa ukoo huu, kwa kuwa fuwele za silikoni ni ngumu na hazisagiki upesi. Fundi anayesema kwamba skrepa ya injini inamiminika vizuri kuliko skrepa ya fremu anasema kweli tupu. Lakini silikoni ina upande wake mbaya. Ikipoa polepole ndani ya kalibu ya mchanga, hujitokeza kama vibamba vyenye ncha kali, na ufa ukianza hukimbia kufuata vibamba hivyo. Mwaka 1920 Aladár Pácz alionyesha kwamba sodiamu kidogo sana hugeuza vibamba hivyo kuwa nyuzinyuzi fupi zenye ncha butu, na aloi iliyokuwa ikikatika kama kigae ikaanza kupinda kabla ya kuvunjika. Leo viwanda vingi hutumia stronshiamu kwa kazi hiyo. Fundi asiye na sodiamu wala stronshiamu bado ana silaha moja ya bure, nayo ni kasi ya kupoa: kalibu ya chuma hupooza upesi kuliko ya mchanga, na fuwele zilizokosa muda wa kukua hubaki ndogo.

Adui mkubwa kuliko wote katika tanuru la mtaani ni chuma. Aluminiamu iliyoganda haiwezi kumeza chuma zaidi ya asilimia 0.05, chote kinachozidi hapo hutafuta pa kukaa, na kikikutana na silikoni hufanya vibamba virefu vyembamba ambavyo kwenye hadubini huonekana kama sindano zilizomwagwa. Kila sindano ni mwanzo wa ufa. Chukua sufuria nzito ya kusubiwa iliyoanguka ikakatika mkono, utazame mahali ilipokatikia: hapakuvutika wala kupinda, pana uso wa kijivu wenye chembe zinazometameta, na mara nyingi vitundu vidogo vya gesi. Sehemu ya chuma hicho ilikuja na skrubu, bolti na pini ambazo hazikung'olewa kwenye skrepa. Sehemu nyingine ilitoka kwenye vyombo vya fundi mwenyewe, kwa sababu aluminiamu ya nyuzi 700 na zaidi huyala taratibu masufuria ya chuma ya kuyeyushia na upawa wa kuchotea. Vile vitundu navyo vina chanzo chake: skrepa iliyolowa mvua au yenye oili hutoa haidrojeni, ambayo huyeyuka kwa wingi katika aluminiamu ya majimaji, kisha hufukuzwa inapoganda. Maji hayohayo yakiingia ghafla ndani ya metali iliyoyeyuka yanaweza kulipuka na kumuunguza fundi.

Sasa tuone yanayotokea kiroba kizima kinapoingia tanuruni. Fremu inaleta magnesiamu, pistoni inaleta silikoni na shaba, boksi la injini ya pikipiki linaleta zinki na chuma, kopo linaleta manganisi. Kinachotoka si wastani wa sifa nzuri za vyote. Shaba iliyokuwa nguvu ya ndege, ikiwa haikupashwa na kuzamishwa kama alivyofanya Wilm, inakaa kama mabonge yasiyozuia kitu na kurahisisha kutu. Magnesiamu ya fremu kwa sehemu inaungua hewani. Zinki haina kazi. Chuma kinabaki, na kwa kuwa hakuna njia rahisi ya kukitoa kikishaingia, kila mara metali hiyo inaporudi tanuruni kinaongezeka. Manganisi peke yake inasaidia kidogo: ikifikia kama nusu ya kiasi cha chuma, hugeuza zile sindano kuwa maumbo mengine yasiyo na madhara makubwa. Hata hapo fundi anahitaji kujua kilichomo, na kilichochanganywa bila mpango hakijulikani.

Atakuja mtu aseme kwamba sufuria si ndege. Ugali haudai megapaskali 500. Ni kweli, na kama suala lingekuwa nguvu tu, hoja hiyo ingetosha kwa sufuria. Lakini tanuru hilohilo la mtaani linaombwa kusubu puli, vifuniko vya pampu na vipuri vya mashine za kusaga, vitu ambavyo vikipasuka vinaumiza. Tena suala la sufuria lina uzito kuliko nguvu. Mwaka 2017 jarida la Science of the Total Environment lilichapisha utafiti ulioongozwa na Jeffrey Weidenhamer wa Marekani kuhusu vyombo 42 vya kupikia vya aluminiamu kutoka nchi 10, Tanzania na Kenya zikiwamo. Vyombo 15 vilipochemshwa na asidi hafifu kwa saa mbili vilitoa risasi ya mikrogramu moja au zaidi kwa kipimo cha mlo mmoja. Risasi haina kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa ubongo wa mtoto. Wala haikuwa sehemu ya aluminiamu ya kupikia. Ni mgeni aliyeingia na skrepa isiyochambuliwa, kama vile rejeta zilizochomelewa, vipande vya betri na vile visahani vya risasi vinavyobandikwa kwenye ringi za magari wakati wa kubalansi. Kwa hiyo uchambuzi unaolinda nguvu ya kipuri ndio uleule unaolinda chungu cha familia.

Pingamizi la pili ni la fedha: mashine ya kutambua aina za metali kwa eksirei ni ghali, na muokotaji anayelipwa kwa kilo hana sababu ya kupoteza nusu siku akichambua. Sehemu ya kwanza ya pingamizi hili haina nguvu, kwa kuwa aina kubwa za aluminiamu zinatambulika kwa kujua kilichotengenezwa kilikuwa kitu gani. Waya wa umeme ni karibu safi. Mabaki yaliyokatwa na fundi wa madirisha ni ukoo wa magnesiamu na silikoni, na mara nyingi ni safi kuliko yote. Makopo na sufuria nyembamba ni ukoo wa manganisi. Pistoni, silinda hedi na maboksi ya injini yana silikoni, shaba na chuma. Ringi za magari zina silikoni ya asilimia saba hivi na chuma kidogo. Zikiondolewa visahani vya risasi na rangi, zinamiminika vizuri na zinafaa kusubia hata vyombo vya chakula. Malundo matano, na la sita la vitu visivyojulikana ambalo kamwe lisiende jikoni. Muokotaji wa Mkolani anavijua vitu hivi kwa majina kuliko mtaalamu yeyote wa maabara.

Sehemu ya pili ya pingamizi ni ya haki. Bei ikiwa moja, hakuna atakayechambua, na hakuna mahubiri yatakayombadilisha mtu mwenye njaa. Dawa yake ni bei mbili au tatu, na bei hizo lazima zianzie kwa anayenufaika, yaani fundi wa kusubu. Akipata lundo la ringi tupu, anapunguza sufuria zinazopasuka kalibuni, hapotezi mkaa kuyeyusha upya zilizoharibika, na anaweza kumhakikishia mteja kilichomo. Hiyo ndiyo nafasi ya kumlipa muokotaji shilingi za ziada.

Pingamizi la tatu husema mbona hata nchi tajiri zinachanganya. Ni kweli kwamba kwa miaka mingi skrepa mchanganyiko imepata soko kwenye injini za magari, ambazo huvumilia shaba na chuma. Lakini gari la umeme halina pistoni wala silinda hedi, na kadiri magari hayo yanavyoongezeka ndivyo soko la mchanganyiko litakavyobanwa. Kuyeyusha upya aluminiamu hutumia takriban asilimia tano tu ya nishati inayohitajika kuitoa kwenye madini yake. Nchi isiyo na kiwanda cha kuitoa aluminiamu kwenye udongo ina sababu zaidi, si pungufu, ya kuitunza ile iliyokwisha kuingia kwa fedha za kigeni.

Hatua zenyewe si kubwa. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, na mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, VETA, ambazo zote zipo Mwanza, zinaweza kuwafundisha mafundi wa kusubu mambo manne kwa muda mfupi: kupanga skrepa kwa asili yake, kung'oa kila skrubu, kukausha mzigo kabla ya kuuyeyusha, na kupaka chokaa au udongo kwenye upawa na chombo cha chuma ili aluminiamu isikiguse. Shirika la Viwango, TBS, linaweza kuanza kupima risasi katika sufuria za kusubiwa zilizoko masokoni na kutangaza matokeo bila kuwafungia mafundi, maana kuwafungia kutawasukuma vichochoroni. Wanunuzi wa skrepa nao waweke viroba sita pale walipokuwa na kimoja. Na wewe msomaji, unapouza mabaki ya dirisha lako au unaponunua sufuria nzito sokoni, muulize muuzaji imetokana na nini. Asipojua, usiipikie watoto.